Han Shuo Ameolewa

Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya wanafunzi wa fasihi na tafsiri jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana.

Mwenyekiti amenikaribisha kama mtaalamu wa tamthilia za Kichina. Namshukuru, ila ameniongezea cheo. Mimi ni mtu wa maandishi ya chini ya skrini. Ile mistari miwili inayopita mbio wakati macho yenu yako kwenye nguo za mwigizaji, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Ikikaa sawa hakuna anayeiona. Ikiharibika mnaipiga picha, mnaitupa kwenye magrupu ya WhatsApp, na inachekwa wiki nzima.

Leo nimekuja na mstari mmoja tu. Una maneno matatu: Han Shuo ameolewa.

Han Shuo ni mwanamume. Haya, chekeni. Hicho kicheko ndicho kilichonileta hapa.

Nilipewa vipande vya majaribio vya tamthilia inayojulikana nje ya China kama The Romance of Tiger and Rose. Ilianza kuonyeshwa Mei 2020 kwenye Tencent Video, ina episodi 24, na wahusika wakuu wawili wamechezwa na Zhao Lusi na Ding Yuxi. Nikatafsiri, nikatuma. Vikarudi na masahihisho. Mstari wangu ulikuwa umefutwa, na mahali pake pameandikwa: "Chen Qianqian ameolewa na Han Shuo." Pembeni mhariri alikuwa ameandika, kwa upole kabisa: "Dada, hapa umeteleza."

Nikampigia. Nikamwambia, kaka, sijateleza, mji ule mwanamke ndiye anayeoa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Najua. Lakini mtazamaji atadhani sisi hatujui Kiswahili."

Nimelala na sentensi hiyo siku nyingi.

Kwa ambao hamjaiona: Chen Xiaoqian ni mwandishi wa skripti, binti wa zama zetu hizi, mwenye kompyuta na usingizi mchache. Mwigizaji wake mkuu anamwambia hadharani kwamba mapenzi aliyoyaandika hayaingii akilini. Anarudi nyumbani na hasira zake kufanya marekebisho, na katika kuhangaika huko anatumbukia ndani ya hadithi yake mwenyewe. Tena hatumbukii kwa mhusika mkuu. Anajikuta yeye ndiye Chen Qianqian, binti wa tatu wa mtawala, mkorofi aliyeandikwa afe mapema, episodi ya tatu. Kaburi amejichimbia kwa mkono wake mwenyewe.

Mji wenyewe unaitwa Huayuan. Huko mwanamke ndiye mwenye kauli: mtawala ni mama, warithi ni mabinti, na mwanamume sifa yake kubwa ni utulivu. Ng'ambo kuna mji wa Xuanhu, ambako mambo yako kama tulivyoyazoea sisi. Han Shuo ni kijana wa mtawala wa Xuanhu. Amefika Huayuan kwa jina la posa, lakini ana maradhi ya moyo, na dawa anayoitafuta, Mfupa wa Joka, iko huko. Anakuja na hila, anaondoka na mapenzi. Hapo katikati hamhitaji kusimuliwa. Mnajua hadithi za mapenzi zinavyokwenda.

Turudi kwenye mstari.

Lugha yetu, wenzangu, haina shida na mwanamume na mwanamke mpaka uguse ndoa. Yeye ni yeye. Alikuja, alikula, alilia: huwezi kujua ni nani mpaka uulize. Ndiyo maana nilipoandika "mtawala wa mji amekasirika" sikuhitaji kusema ni mama. Mtazamaji alimwona mwenyewe alipoingia na mataji yake. Kichina cha mdomoni nacho ni hivyo hivyo. Wanasema ta, basi. Kwenye maandishi wanayo ta ya mwanamume na ta ya mwanamke, lakini hiyo ya mwanamke ni mgeni wa juzi. Imeenea tangu miaka ya 1920, baada ya mwanaisimu Liu Bannong kuipigia debe. Sikio halisikii tofauti yoyote.

Ukifika kwenye ndoa, milango inafungwa. Mwanamume anaposa, mwanamke anaposwa. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanamume anaacha, mwanamke anaachwa. Hebu litazameni hilo kama wanafunzi wa sarufi, siyo kama wanaharakati. Mmoja siku zote ndiye mtenda. Mwingine siku zote amevikwa kauli ya kutendwa, tangu barua ya posa mpaka talaka. Kiingereza hakina hilo: kina kitenzi kimoja ambacho bibi na bwana wanakitumia sawasawa, kama mlango wa duka. Mhariri wangu alikuwa ameshika skripti ya Kiingereza. Humo mzaha wote wa mji wa Huayuan ulikuwa umeshavuja njiani kabla haujamfikia.

Kichina kinayo kama sisi. Kuna qu, kuoa, na kuna jia, kuolewa. Tazameni zilivyochorwa. Jia ni alama ya mwanamke imesimama ubavuni mwa alama ya nyumba. Qu ni alama ya kutwaa imekaa juu ya kichwa cha mwanamke. Na hiyo alama ya kutwaa yenyewe, ukiifumua, ni sikio na mkono unaolishika. Wasomi wa maandishi ya kale wanasema inatokana na vitani, pale askari alipokata sikio la adui ili akathibitishe hesabu yake. Ndiyo iliyoketi ndani ya neno kuoa. Na sisi kwetu huku tunasema "nimepata jiko". Sijui nani kamzidi mwenzake.

Kwa hiyo mwandishi wa Kichina akimweka mwanamume upande wa jia, mtazamaji wa Beijing anasikia mwiba ule ule mnaousikia nyinyi mkisikia "ameolewa". Haya ni mapato ya bure kwa mtafsiri. Ni mara chache Kiswahili kinaingia kwenye tafsiri kikiwa na zana kamili kuliko Kiingereza, na siku zinapopatikana, eti tunazisahihisha.

Kuna jambo la pili ambalo lilinichukua muda kulielewa. Katika Huayuan wanaume wanafundishwa nande, tabia njema ya mwanamume: namna ya kunyenyekea, kumridhisha mke, kutokuwa na wivu. Siku hizi kichekesho hiki kimeenea. Hata tamthilia ya mwaka 2021 ya mume aliyehamia kwa wakwe, My Heroic Husband, nayo ina chuo cha nande. Kwetu kinachekesha kidogo tu. Kwa Mchina kinachekesha sana, kwa sababu neno lililozoeleka ni fude, tabia njema ya mke, na wametoa silabi moja wakatia nyingine.

Fude ina mama yake. Anaitwa Ban Zhao. Aliishi katika enzi ya Han, alikuwa msomi wa kutisha: kaka yake Ban Gu alipofariki mwaka 92 akiacha kitabu kikubwa cha historia hakijakamilika, Ban Zhao ndiye aliyeitwa kukimalizia, na akawafundisha wanawake wa ikulu. Mtu huyo huyo, yapata mwaka 106, aliandika Nüjie, maonyo kwa wanawake, sura saba. Anakumbusha desturi ya kale kwamba mtoto wa kike akifikisha siku tatu alilazwa chini ya kitanda na kupewa kigae achezee, ili ajue mapema mahali pake. Anaeleza mke anyamaze vipi, awatii vipi wakwe, ajipambe kiasi gani. Na mwanzoni kabisa anasema kwa nini anaandika: anaumwa, hajui lini atakufa, na ana mabinti wanaokwenda kuolewa.

Mama mgonjwa. Kalamu. Binti. Mnamjua mwingine?

Naona mikono. Ndiyo, Mwana Kupona. Mwaka 1858, visiwa vya Lamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyewasumbua majemadari wa Seyyid Said. Maradhi yamemshika hata yametimiza mwaka. Anamwita bintiye Mwana Hashima akae karibu na wino na karatasi, anampa wasia: radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mume akilala asiamshwe, apepewe. Mmeusoma kidato cha sita, mmeulalamikia, wengine mmeandika insha za kumkemea marehemu.

Sisemi hawa wawili walijuana. Kati yao ni miaka zaidi ya 1,700 na bahari nzima. Ninachoona ni wanawake wawili wenye akili kuliko wanaume wengi waliowazunguka, wanaowaandikia mabinti zao mwongozo wa kukaa salama ndani ya kitenzi cha kutendwa. Unakwenda kuolewa, utachukuliwa, basi shika hivi na hivi. Sioni unyonge katika kalamu zao. Naona mama anayefunga mizigo ya mtoto usiku wa manane.

Sasa chukua mwongozo ule, mpe kijana wa kiume mwenye misuli, mketishe ausome. Ghafla kila mstari unaonekana ulivyo. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi hizi, na hawakuianza juzi. Mwaka 1828 ilitoka riwaya ya Li Ruzhen, Jinghua Yuan. Humo kuna mfanyabiashara anaitwa Lin Zhiyang. Anafika nchi ya wanawake, anaingia ikulu na orodha yake ya vipodozi na vitana kutafuta soko. Mfalme, ambaye ni mwanamke, anampenda. Basi anageuzwa suria.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana Li Ruzhen hakukimbia. Mhudumu wa ikulu mwenye ndevu nyeupe anamshika sikio na kulitoboa kwa sindano. Anayefuata ana ndevu nyeusi, amebeba kitambaa cheupe cha hariri. Anaupakata mguu wa Lin, ananyunyiza shabu katikati ya vidole, shabu ile ile anayowapaka kinyozi baada ya wembe, anavibana vidole vitano pamoja, anaukunja mguu mpaka ujipinde kama upinde, anaufunga, mwingine anashona kwa uzi. Lin anapiga kelele. Usiku anafungua. Asubuhi anachapwa, unafungwa tena. Nyama zinaoza, damu inatoka, mguu unakuwa mwembamba, na kila mtu ikulu anamsifu kwamba sasa anapendeza.

Wakati kitabu hiki kinatoka, mabinti wa Kichina wasio na idadi walikuwa wanafanyiwa hivyo hivyo na mama zao, na hakuna aliyeita riwaya. Ilibidi mguu uwe wa mwanamume ndipo msomaji aone ni mguu.

Tamthilia ya 2020 haifiki huko. Na hapa nina ugomvi nayo. Huayuan ni mji wa rangi za peremende. Mwanamume akidhalilika muziki unachekesha, filimbi zinaruka. Sasa, mwanamke akidhalilika kwenye tamthilia nyingine za aina hiyo, zile za masuria na ikulu, muziki ni wa majonzi. Kwa nini? Kwa sababu wote tunajua kwamba mmoja ni kinyume na mwingine ni kawaida, na kinyume ndicho kinachochekesha. Nimeitazama mara mbili, ya kwanza kwa kazi, ya pili kwa mapenzi, nakiri. Ile ya pili ndiyo iliyonikera. Qianqian anaanza kudai usawa pale wanaodhulumiwa ni wanaume, na anadai vizuri, kwa sauti tamu. Nikajiuliza, dada, ulikuwa wapi wakati unaandika Xuanhu?

Na hiyo mistari ya usawa ilinitoa jasho kuliko mapigano yote ya panga. Kichina kina maneno ya silabi nne tu, nan nü pingdeng, yanasemeka kitandani, sokoni na bungeni. Kwangu yakatoka "usawa wa kijinsia". Someni kwa sauti. Unasikia harufu ya semina: chai ya saa nne, daftari la bure, posho ya nauli. Binti wa mtawala amesimama kwenye mwanga wa taa za karatasi anamwambia mpenzi wake maneno ya bango. Nilifuta mara saba. Mwishowe nikaenda kutafuta msaada kwenye kitenzi kile kile kilichoniletea balaa. Kuoa, kuolewa, kuna cha tatu: kuoana. Kila mmoja mtenda, kila mmoja mtendwa, kwa wakati mmoja. Nikamwachia Qianqian aseme, "Sitaki kukuoa wala kuolewa. Tuoane." Neno kwa neno sivyo alivyosema. Kwa maana yake, nitaitetea mahakamani.

Nirudi kwa mhariri wangu, maana sikummalizia. Alisema mtazamaji atadhani hatujui Kiswahili. Nilimjibu kwa maswali. Nikamuuliza, kaka, umewahi kufika Mara? Kwa Wakurya kuna nyumba ntobhu. Mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, analeta mke nyumbani kwake, watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Muulize Mkurya yeyote yule mama amefanya nini. Atakuambia ameoa. Hatakuambia ameteleza.

Nikamuuliza, na Lamu? Katika nyumba za waungwana wa zamani, binti alipewa nyumba, au orofa juu ya nyumba ya wazazi, na mume ndiye aliyehamia. Fungate ililiwa kwa mke. Miguu iliyotembea ilikuwa ya bwana harusi, lakini kitenzi hakikuhama: bado yeye ndiye aliyeoa. Mchina naye ana mume wa aina hii, zhuixu, aliyeingia kwa wakwe kwa sababu kwao hawana kitu au kwa mke hakuna mtoto wa kiume. Alidharauliwa kweli kweli. Mwaka 214 kabla ya Kristo, mfalme wa Qin alipotaka watu wa kupeleka vitani kusini, alikusanya watoro, wachuuzi na hao zhuixu. Kosa lao: wanalala kwa wake zao. Wanaume wa Lamu walale salama, hawakuzaliwa Qin.

Mhariri akacheka. Akasema nimpe wiki moja.

Ndani ya wiki hiyo nikafanya jaribio langu. Nilikwenda na kompyuta kwa mama, Temeke. Mama yangu ni fundi cherehani na ni mtazamaji wa kazi za Kichina tangu 2011, TBC walipoonyesha kile kisa cha Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili. Mnakikumbuka, Rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 alikitaja kwenye hotuba yake. Mama alisema kama rais wa China naye anamjua yule mavyaa mkorofi, basi dunia ni ndogo. Kwa hiyo ni mtazamaji mzoefu, halafu hana adabu na mtafsiri. Ukikosea anakuambia.

Nikamwekea kipande. Alikuwa anapindua pindo la gauni la mteja, miwani puani, jicho moja kwenye sindano. Mstari ukapita: Han Shuo ameolewa. Nikamtazama. Hakucheka. Wala hakusema nimekosea. Alikata uzi kwa meno, akauliza:

"Na mahari katoa nani?"

Nikashikwa. Nimeitafsiri sura ile, nimepigana na mhariri, nimekuja na Mara na Lamu na mfalme wa Qin, na swali hilo halikunipitia. Nikasema, nadhani upande wa mwanamke, maana ndio waliooa.

"Nadhani ndiyo nini? Rudisha nyuma."

Tukarudisha nyuma. Tukakaa tunachungulia masanduku mekundu, nani kayabeba, yanaelekea nyumba ipi. Mama akaweka gauni chini kabisa. Baba alimwacha nikiwa darasa la tatu. Alitoka kwa mumewe na mimi, mdogo wangu, na cherehani hiyo hiyo, kwa sababu cherehani ilikuwa ya kwake toka kwao. Hajawahi kulisimulia mbele yangu zaidi ya hapo.

"Huyu kijana," akasema, anamwonyesha Han Shuo kwa ncha ya mkasi, "akija kuachwa, anarudi kwao na nini?"

Nikamwambia mama, ndiyo kwanza episodi ya pili.

"Aulize mapema," akasema. Akaniambia nisogeze mbele.

Mstari umebaki kama ulivyo. Naona muda wangu umekwisha na mwenyekiti ananitolea macho. Kama kuna maswali, nipo, ila anayetaka kujua mwisho wa episodi ya 24 akaitazame mwenyewe.